Nyika Iliyojaa Watu

Imejengeka desturi katika maandishi ya safari: nchi iliyo mbali na bahari huitwa nyika, nyika huitwa tupu, na mgeni wa kwanza kuiandika huhesabiwa kuwa ndiye aliyeifungua. Ndivyo inavyosimuliwa kusini ya Tanzania. Msafiri apandaye kutoka Lindi au Mikindani kwenda Masasi, Chidya na Newala huahidiwa ukimya wa mpakani, njia za waanzilishi na maboma ya kale. Ahadi zote tatu zina kasoro, na aibu yake yawagusa watu wa visiwani kuliko wengine.

La kwanza ni huo utupu. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.5 katika Mkoa wa Mtwara, na mikorosho ya Masasi na Newala haikujipanda yenyewe. Na pale palipopungua watu katika karne ya 19, palikuwa na sababu. Misafara ya watumwa ilitoka upande wa Ziwa Nyasa kuelekea Kilwa na Lindi. Na mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana huko kwa jina la Magwangwara, waliivamia Masasi, wakaua na kuteka. Bonde lililokimbiwa si bonde lisilo na wenyewe. Wamakonde walikaa juu ya uwanda wao, ndani ya vichaka visivyopenyeka, na gharama yake ilikuwa maji: wanawake walishuka bondeni kuyatafuta na kupanda nayo kichwani. Kichaka hicho ndicho kilichokuwa ngome yao. Nani leo anayempeleka mgeni kuitazama?

La pili ni njia. Mnamo 1876 Askofu Edward Steere, yule yule aliyekusanya hadithi za Unguja na kuandika sarufi ya Kiswahili, alitoka Lindi kwa miguu akiwa na watu zaidi ya 50, wake kwa waume, waliokombolewa utumwani na waliokuwa wakiishi Unguja. Azma ilikuwa kufika Nyasa. Walipoiona Masasi waliridhika nayo, wakataka kubaki, na askofu akakubali. Misheni ya Masasi, na elimu iliyokuja kuenea hadi shule ya Chidya, imesimama juu ya hiari ya watu hao. Lakini anayetajwa kuwa mwanzilishi ni askofu, nao wameachwa kuwa idadi tu. Hata Cecil Majaliwa, mtumwa aliyekombolewa, akasomeshwa Kiungani na kupewa upadri Unguja mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile kufikia daraja hiyo, aliyefanya kazi miaka mingi Chitangali, ni wangapi Unguja wanaomkumbuka?

La tatu ni maboma. Boma la Mikindani ni la mwaka 1895. La Newala nalo ni la Wajerumani. Husimuliwa kwamba Wareno walivuka Ruvuma mwaka 1916, wakaiteka Newala mwezi Oktoba, wakafukuzwa Novemba. Hesabu hiyo ya majeshi ni sahihi, ila haimtaji mpagazi aliyebeba mizigo ya vita visivyomhusu, wala mkulima aliyetoa kodi. Boma halikujengwa kumlinda mwenyeji, lilijengwa kumtawala. Mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, misheni ya Masasi ilichomwa moto. Mwaka uliofuata mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule, alifika Masasi na Newala na mashine ya kunasia sauti. Alikuja chini ya kivuli cha dola, lakini hakuondoka mikono mitupu: alikuta nyimbo, akazinasa. Nchi tupu haiimbi.

Hapo ndipo wapenzi wa ushairi wa pwani wanapopaswa kuulizwa. Wanajua vina vya Lamu, Mombasa na Pemba, na ni vyema wavijue. Lakini nyimbo za jando na unyago za kusini huziita ngoma tu, na jina la Mmakonde visiwani limekuwa la mzaha, kana kwamba mashamba ya karafuu hayakupaliliwa na watu waliotoka kule. Sehemu ya Kiswahili cha Masasi ilifika huko kwa miguu, vinywani mwa watu waliojifunza lugha hii katika utumwa na kurudi nayo wakiwa huru. Ni urithi wa Unguja pia. Mwacha asili ni mtumwa.

Watasema wengine kwamba utalii unaleta fedha. Na uje. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji haponi kwa kuambiwa kwamba hakuwapo. Anayekwenda Chidya aende akijua kwamba anaingia nyumbani kwa watu, apige hodi, na aulize majina ya waliotembea na askofu kabla ya kuuliza boma liko wapi.