Bunduki ya Babu Juu ya Dari

Leo kwenye kona yetu nataka tuzungumzie kile kitu ambacho mwenzako anakipenda kupita kiasi na wewe hukielewi hata kidogo. Kuna wanaume wa mpira, kuna wa magari, kuna wa nyama choma kila Jumamosi. Wa kwangu ugonjwa wake ni bunduki za kale.

Usishtuke, hana hata moja ndani. Ana vitabu, ana picha, na ana maneno mengi kitandani saa tano usiku. Anazopenda ni zile za risasi moja moja, ndefu na fupi: unapakia, unapiga, unapakia tena. Mwanzoni nilikuwa naitikia tu "mmh" huku nachezea simu. Siku nilipoamua kumsikiliza, ndipo nikagundua kwamba kumbe anasimulia habari za kwetu, Kanda ya Ziwa.

Iko hivi. Miaka ya 1860 na 1870 majeshi ya Ulaya yaliacha bunduki za kushindilia baruti mdomoni, yakachukua zinazopakiwa kwa nyuma. Waingereza walianza na Snider mwaka 1866, halafu Martini-Henry mwaka 1871. Wajerumani nao mwaka huohuo wakaja na Mauser 71. Haikupita miaka ishirini, zikaja bunduki za kubeba risasi nyingi kwa mpigo, na zile za zamani zikageuka mtumba. Unadhani mtumba ulishushwa wapi? Zanzibar! Mwaka 1888 balozi wa Uingereza pale, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinaingia Afrika Mashariki kila mwaka.

Misafara ikazipandisha mpaka Unyamwezi na huku ziwani. Mwairishi mmoja, Charles Stokes, aliyewahi kuwa mmisionari, aliacha dini akawa mfanyabiashara wa pembe za ndovu na bunduki. Yeye ndiye aliyewavushia silaha Wakristo wa Buganda wakati wa vita vyao. Mwaka 1895 maofisa wa Kongo walimnyonga kwa hiyohiyo biashara. Kabla ya hapo, mwaka 1890, mataifa yalikutana Brussels na kukubaliana kuzuia bunduki nzuri zisiuzwe kwa Waafrika, wakaachiwa gumegume na mengineyo ya kushindilia. Ndiyo maana gobore limedumu vijijini kwetu mpaka leo.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Mjerumani hapa nchini bado walikuwa na Mauser 71 ya risasi moja, yenye baruti ya moshi mweusi. Ukipiga mara moja tu, adui anaona wingu na anajua ulipo. Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa wakaishambulia Bukoba, na kati yao alikuwemo mwindaji Frederick Selous, mzee wa miaka 63, ambaye enzi zake porini alisifika kwa kutumia bunduki ya risasi moja ya mtindo wa Farquharson. Julai 1916 Mwanza nayo ikatekwa, Wajerumani wakakimbilia kusini.

Sasa hapo ndipo babu yake mume wangu anapoingia. Mzee alifariki mwaka 2022 huko Magu, akiwa na umri mkubwa. Baada ya matanga, ndugu walipokuwa wanapanga vitu, wakakuta juu ya dari kitu kimeviringishwa kwenye ngozi ya mbuzi. Ilikuwa bunduki. Kitako kimeliwa na mchwa, lakini ubavuni mwa chuma maandishi yanasomeka: I.G. Mod. 71. Kwa maneno ya bibi, baba yake mzee alikuwa askari wa Mjerumani, akaachana na jeshi wakati wa kurudi nyuma, akatembea kwa miguu mpaka nyumbani akiwa na hiyo bunduki na homa.

Wajomba wakakaa kikao, wakasema: "Mjukuu mkubwa ndiye anayependa mambo haya. Achukue."

Jamani, mume wangu alilia. Mimi nililia pia, ila kwa sababu nyingine. Nina watoto wawili, mmoja ana miaka sita na hakuna kabati asilolifungua. Yeye anaona ukuta wa sebule yetu pale Isamilo ukiwa na historia ya ukoo. Mimi naona mlango ukigongwa saa kumi alfajiri.

Tulinuniana siku nne. Yeye akasema, "Mama Neema, hii ni kumbukumbu, haipigi tena." Akaongeza kwamba alisoma kuwa Marekani bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo haihesabiwi silaha kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1968. Ni kweli. Ila sisi tunaishi Mwanza. Hapa kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na umiliki wa silaha unataka leseni. Leseni ni ya mtu. Silaha hairithiwi kama ng'ombe, hata kikao cha ukoo kiseme nini.

Siku ya tano akatokea dalali. Sijui nani alimpa habari. Alitaja bei ambayo ingelipa ada ya shule ya watoto wote wawili kwa mwaka mzima. Alisema ana mteja wa vitu vya kale nje ya nchi na kila kitu "kitashughulikiwa". Nakiri, nilimtazama mume wangu nikingoja jibu lake kwa hofu kuliko siku aliyonichumbia. Akamjibu, "Mzee, babu hauzwi." Hapo hasira zangu zote ziliisha. Kitu cha kale hakitolewi nchini bila kibali, Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu mwaka 1964. Tena silaha? Hiyo ni kesi mbili kwa mkupuo.

Bahati ilikuwa upande wetu. Mwaka huo serikali ilitoa muda, Septemba na Oktoba, wa kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa. Umoja wa Afrika nao umeutenga Septemba kila mwaka kuwa mwezi wa msamaha wa namna hiyo, hadi mwaka 2030. Tulimwita mwenyekiti wa kijiji, polisi wakaja kuichukua palepale Magu, haikufika mjini. Kabla ya hapo mume wangu aliipiga picha kila upande, akanakili kila namba, na akamrekodi bibi kwa saa mbili akisimulia. Ukuta wetu sasa una picha tatu kubwa kwenye fremu. Wageni wanauliza, naye anasimulia mpaka chai inapoa.

Kama nyumbani kwenu kuna "kitu cha babu", nisikilize. Kwanza, usikiguse na usikijaribu. Bunduki ya kushindilia inaweza kuwa na baruti ndani tangu kabla hujazaliwa, na baruti hiyo bado inalipuka. Mtutu uliooza ukilipuka unaondoka na vidole vyako. Pili, usikibebe kwenye basi eti unakipeleka polisi. Mwite kiongozi wa mtaa, polisi waje. Na kama siyo kipindi cha msamaha, anza kwa wakili. Tatu, usikisugue kwa msasa ili king'ae. Mihuri na namba ndiyo historia yenyewe. Ukitaka kukusanya, kusanya vitabu, picha na simulizi. Siku moja wapeleke watoto pale Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, waone jinsi ukoo unavyotunza vitu vyake.

Na kwa wewe mwenye mwenza mwenye "ugonjwa" wake: kabla hujasema "mimi au hicho kitu", muulize kwanza anaona nini ndani yake. Mume wangu hakuwa anataka silaha. Alikuwa anamtaka babu. Na yeye naye ilibidi ajue kwamba woga wangu haukuwa dharau kwa ukoo wake, ulikuwa ni usingizi wa watoto wake. Tulipofika hapo, mengine yalijipanga.

Niandikie, nyumbani kwako kuna ugonjwa gani? Mpaka mwezi ujao, mtunze akutunzaye.