Okestra ya Kinshasa ifike Tanganyika

Hapa Bendera mitambo ya mto Kyimbi inapeleka umeme Kalemie, nami jioni nasikiliza koncheto ya tatu ya piano ya Rachmaninoff kwenye simu. Simu haitoshi. Mtunzi mwenyewe aliipiga mara ya kwanza New York mwaka 1909: dakika 40 hivi, mtu mmoja akikabiliana na okestra nzima, vidole havipati pumziko. Kazi kama hiyo inataka uwepo ukumbini, uone jasho la mpigaji, besi zikutikise kifua.

Na tusiambiwe eti huu ni muziki wa Wazungu. Okestra ya Wakimbanguisti ya Kinshasa ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, mwanzilishi wa kanisa lao. Ala zilikuwa haba, watu wakipokezana fidla. Uzi ukikatika, walifunga waya wa breki ya baiskeli. Waya wa breki, jamani! Na wamepiga Simfoni ya Tisa ya Beethoven.

Serikali iwalipie safari hadi Kalemie, na piano ya kweli iletwe, hata kwa meli kuvuka Ziwa Tanganyika. Wanakwaya wetu wa Bendera watengewe viti vya mbele.