HAWAKUITOROKA DAWA

Katika vitabu vya spitali mna neno moja ambalo leo tumekusudia kulishitaki mbele yenu. Neno lenyewe ni "ameacha matibabu". Huandikwa mbele ya jina la mtoto aliyekuwa akitibiwa saratani, kisha siku ya miadi ikapita asionekane, wiki ya pili ikapita, na ya tatu, na ya nne. Mabingwa wa maradhi haya wamekubaliana kwamba wiki nne mfululizo bila ya tiba, pasipo sababu ya kitabibu, ndizo mpaka. Baada ya hapo mtoto huhisabiwa kuwa ameacha. Karani anayeliandika hana kosa. Kosa ni la wakubwa wanaolisoma wakaridhika, wakafunga faili, kisha wakatwambia kwamba wazazi wetu ni wazembe na wajinga wasiojua thamani ya dawa.

Sisi tunasema: neno hilo ni la dhulma. Mtoto wa miaka minne haachi kitu. Na mama aliyelala sakafuni kando ya kitanda cha mwanawe kwa miezi mitatu hakumtoroka mtu. Walioacha ni wengine.

Kwanza tuuondoe uwongo unaotembea barazani, kwamba saratani ya mtoto ni hukumu ya kifo na fedha zote zinazotumika ni za kupotea bure. Si kweli. Mwaka 1948 daktari Sidney Farber wa Boston, Marekani, alitangaza kwamba watoto wenye saratani ya damu wamepata nafuu kwa dawa. Nafuu ya muda tu, lakini mlango ulikwisha funguka. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika spitali ya Mulago, Kampala, aliueleza ule uvimbe wa taya unaowapata watoto wa Afrika, na baadaye ikadhihirika kuwa ni katika saratani zinazosikia dawa upesi. Na moja katika dawa kubwa za watoto hawa, vinkristini, iliyoruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1963, imetokana na mmea ambao asili yake ni kisiwa cha Madagaska, mmea wenye maua ya waridi unaopandwa kuwa pambo mbele ya nyumba. Bahari yetu hii imeipa dunia dawa, na watoto wa bahari hiyo hiyo ndio wanaoikosa!

Shirika la Afya Duniani linakisia kwamba watoto na vijana kiasi ya 400,000 hupatwa na saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri, zaidi ya 80 katika kila 100 hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Mwaka 2018 Shirika hilo lilitangaza azma ya kuwafikisha watoto wa dunia nzima kwenye 60 katika 100 ifikapo mwaka 2030. Je, damu ya mtoto wa London ni tofauti na ya mtoto wa Wete? Hasha! Tofauti iko katika kutambuliwa mapema, katika kupatikana dawa, na katika lile tunalolisema leo: kuweza kuifuata tiba mpaka mwisho.

Tuchukue nyumba moja ya mfano huko Pemba. Baba ni mvuvi, mama analima mwani, watoto ni wanne, na wa tatu ndiye aliyeshikwa na saratani ya damu. Tiba ya maradhi haya aghlabu ni ya miaka miwili mpaka mitatu. Miezi ya mwanzo ni ya kulazwa, dawa kali za mshipani, na damu ya kuongezwa. Kisha huja muda mrefu wa vidonge vya kila siku nyumbani, pamoja na kurudi spitali kupimwa damu na kuendelezewa dawa. Katika muda huu wa pili mtoto hucheza, hula, nywele humuota tena, akaonekana mzima kabisa. Na hapo ndipo penye khatari, kwa kuwa dawa ikikatwa mapema maradhi yaweza kurudi, na yakirudi huwa mazito kuyatibu kuliko mwanzo.

Siku mama anapoondoka na mgonjwa, nyumba inagawanyika siku hiyo hiyo. Mtoto mkubwa, msichana, anabaki na baba kupika, na skuli inamngoja. Wa pili anakwenda kwa bibi yake. Wa mwisho, ambaye alikuwa hajaacha ziwa, anaachishwa ghafla na kupelekwa kwa mama yake mdogo; na mama mzazi anaporudi baada ya miezi mitatu, mtoto huyo anajificha nyuma ya kanga ya mama mdogo asimtambue aliyemzaa. Nani ameliandika hilo katika kitabu?

Mwani hufanyiwa kazi wakati wa bamvua, maji yanapotoka sana. Miadi ya spitali ikiangukia bamvua, mama amepoteza pato la bamvua zima, na shamba lake limebaki kuliwa na samaki. Baba anauza mashine ya dau kwanza, kisha dau lenyewe, akawa baharia wa chombo cha mwenzake kwa fungu dogo. Jioni anapiga simu, na mazungumzo ya mume na mke ambayo zamani yalikuwa ya kila kitu sasa ni ya jambo moja: leo umepata ngapi? Hapo hapo jamaa wanaanza kuulizana maradhi haya yametoka damu ya upande gani, na nani ana kijicho. Saratani ya mtoto haiambukizi, na aghlabu hairithiwi. Lakini ndoa ngapi zimetikisika kwa maneno hayo!

Wakirudi nyumbani si kwamba wamepumzika. Dawa hizi huzishusha chembe nyeupe za damu, na zikishuka, homa ndogo yaweza kumuua mtoto kwa muda mfupi sana. Amri ya daktari ni kwamba homa ikipanda usiku, apelekwe spitali usiku ule ule. Basi mama halali. Mkono wake u kipajini pa mtoto mpaka alfajiri. Harusini haendi, maulidini haendi, na mwana wa jirani akiwa na surua anafungiwa mlango, kisha jirani ananuna kwamba amefanyiwa kiburi.

Sasa tupige hisabu, kwani wakubwa wanapenda hisabu. Tiba ya watoto hawa aghlabu hufuatwa Dar es Salaam, Muhimbili kwenye wodi ya watoto wenye saratani, au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road panapohitajika mionzi. Mtoto akiitwa huko mara moja kila mwezi kwa miaka miwili, hizo ni safari 24. Kutoka Pemba kwa kupitia Unguja, kila safari ni kuvuka bahari mara nne, kwenda na kurudi. Jumla ni mara 96. Wala mtoto hasafiri peke yake. Mama yuko naye. Na kila safari ina gari ya kufika bandarini, chakula cha njiani, na pahala pa kulala. Mtu wa bamvua na wavu atazipata wapi? Anakopa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mara ya saba hana wa kumkopa. Mtoto anaonekana mzima, anacheza mpira uani. Mama anasema: tungoje mwezi ujao. Mwezi ujao unakuja na bahari ni ile ile. Hapo ndipo karani anapoandika: ameacha matibabu.

Tutajibiwa kwamba matibabu ni bure, na kwamba baada ya Mapinduzi ya 1964 ndivyo ilivyotangazwa. Ahadi hiyo tunaijua, tena tunaishika kwa mikono miwili. Kadhalika tunajua kwamba serikali huwapeleka wagonjwa ng'ambo kwa barua za rufaa. Hilo hatulikanushi, kwani hatukuanzisha ukurasa huu ili tuseme uwongo. Twasema hivi tu: bure inayoishia mlangoni mwa wodi ni nusu ya bure. Ukimpa mtu ufunguo wa nyumba iliyo ng'ambo ya bahari, usimpe chombo cha kuvukia, hujampa nyumba.

Tutajibiwa tena kwamba fedha hazipo. Haya, tukisie. Watoto 400,000 katika dunia yenye watu bilioni 8 ni mmoja kwa kila watu 20,000. Sensa ya 2022 ilihesabu Zanzibar watu 1,889,773. Kwa kipimo hicho ni watoto wapya kama 94 kwa mwaka. Na tuseme watakuwa zaidi, kwa kuwa watu wetu wengi ni watoto. Hata wakiwa mara mbili yake, ni familia zisizozidi mia mbili. Serikali inayoweza kukodi mahema na vipaza sauti kwa kila jiwe la msingi haishindwi na nauli ya familia mia mbili.

Wala haya si maneno ya ndoto. Huko Recife, mji wa bandari katika sehemu maskini ya kaskazini mashariki ya Brazil, katika miaka ya 1980 watoto 16 katika kila 100 wenye saratani ya damu walikuwa wakiachia tiba njiani. Hawakuletwa askari wa kuwakamata wazazi. Pamoja na kutengenezwa tiba yenyewe, ililetwa nyumba ya kulala, nauli, chakula, na watumishi wa kuifuata kila familia iliyokosa miadi. Walioachia njiani wakashuka mpaka chini ya 2 katika 100, na watoto waliokwenda miaka mitano bila ya maradhi kurudi wakapanda kutoka 32 mpaka 63 katika 100. Basi uzembe ule wa wazazi wa Recife ulikwenda wapi? Haukuwapo tangu mwanzo. Ilikuwapo nauli tu.

Kwa hiyo tunadai haya, na tunataka kila tawi liyasome katika mkutano wake:

1. Nauli ya mtoto mwenye saratani na ya mtu mmoja wa kufuatana naye iwe haki iliyoandikwa, tangu kisiwani kwake mpaka spitali na kurudi, mpaka tiba imalizike. Isiwe hisani ya kuombwa mlangoni pa bwana fulani.

2. Pawepo nyumba ya kulala wazazi wa Unguja na Pemba karibu na spitali, yenye jiko na maji, ili mama asilale sakafuni.

3. Awepo mtumishi ambaye kazi yake ni moja: miadi ikipita siku moja tu, apige simu, aende, aulize. Asingoje wiki nne ili apate neno la kuandika.

4. Mzazi aliyeajiriwa asipoteze kazi yake kwa kumuuguza mwanawe, na mtoto aliyekosa skuli apokewe darasani mwake bila ya kufukuzwa wala kuchekwa.

5. Kila kituo cha afya kifundishwe dalili, mtoto asizungushwe miezi kwa dawa za malaria: mboni ya jicho inayong'ara nyeupe, tumbo au taya linalovimba, homa na weupe wa damu usiokwisha, michubuko bila ya kuanguka, maumivu ya mifupa, kichwa na matapishi ya kila asubuhi.

Ndugu wanachama, sasa tujigeukie wenyewe, kwani adui mmoja yumo ndani ya baraza zetu. Ni nani aliyesema mtoto yule amerogwa? Ni nani aliyemwondoa mwanawe asicheze na mtoto asiye na nywele? Ni sisi. Tukiidai serikali haki, na sisi tunadaiwa wajibu. Watoto hawa huhitaji damu mara kwa mara: mwenye afya na aende akatoe, bila ya kungoja tangazo. Mama akisafiri wakati wa bamvua, wanawake wa tawi waingie shambani kwake wamfungie mwani wake, na pato liwe lake. Watoto waliobaki walishwe, waogeshwe, wapelekwe skuli. Wala asiende mtu wodini na kofia ya chama, wala asiulize nyumba ile ilipiga kura wapi. Saratani haiulizi kadi.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini nauli ya mwana yaweza kujulikana na kila mtu, kwa kuwa imeandikwa kwenye tikiti. Siku itakapolipwa, ndipo tutakapokubali kumsikia bwana mkubwa akisema kwamba fulani ameacha matibabu. Mpaka siku hiyo, kila neno hilo linapoandikwa, na lisomwe kama lilivyo: tumemwacha.