Si Jini, Dada: Kichwa Kinachouma Baada ya Mimba Kuharibika



Leo tunasema bila kuzunguka. Mwali hufundishwa singo, udi na namna ya kumpokea mume. Mimba ikiharibika, anaambiwa tu astahamili, Mungu atampa nyingine. Nani kamwambia habari ya mimba zabibu?

Hiyo ni mimba ambayo kondo huota vifuko vya maji mfano wa kichala cha zabibu. Akishasafishwa, mwanamke kwa kawaida hupona. Lakini kwa baadhi, chembe zilizobaki hugeuka saratani iitwayo koriokasinoma. Huweza pia kuja baada ya mimba iliyotoka, au hata uzazi wa kawaida. Husafiri kwa njia ya damu hadi mapafuni, na huweza kufika kwenye ubongo. Hapo ndipo kichwa huuma bila kukoma, mtu huanguka kama mwenye kifafa, au mkono hupooza.

Na sisi hufanya nini? Tunasema kapandwa na jini, au ni jicho la watu. Siku zinakatika kwa kupunga, huku uvimbe unavuja damu kichwani. Hatupingi ruqya. Tunapinga kuifanya kisingizio cha kumzuia mgonjwa asiende hospitali, na hali Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu. Kumficha mgonjwa si stara, ni dhulma.

Kinachouma zaidi ni kwamba saratani hii inatibika. Mwaka 1956, huko Marekani, Min Chiu Li na Roy Hertz walionyesha kuwa dawa ya methotreksati huiyeyusha. Leo, hata ikishafika kwenye ubongo, wengi hupona kwa mchanganyiko wa dawa, methotreksati ikitolewa kwa dozi kubwa. Upasuaji au mionzi huongezwa pakihitajika. Na wapo wanaozaa baadaye.

Basi enyi masomo na mama wakwe, tunasema nanyi. Aliyesafishwa mimba zabibu apimwe homoni ya mimba kwenye damu mpaka iishe, kisha amalize miezi ya kupimwa aliyopangiwa. Msimharakishe kubeba mimba kabla daktari hajamruhusu. Akitokwa na damu isiyokatika, akikohoa damu au akianguka kifafa, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na mtajieni daktari ile mimba.

Dua mtamsomea njiani.