Kutetemeka kwa mzee si laana

Katika vijiji vyetu, na hata katika mitaa ya mijini, hakosekani mzee ambaye mkono wake hutetemeka akiwa ameketi kimya, hatua zake zimekuwa fupi na nzito, na uso wake umekauka kana kwamba haujui tena furaha wala huzuni. Wapitao humtazama na kunong'ona. Huyu husema amelewa, yule husema amerogwa, na wapo wathubutuo kudai kwamba mchawi ni yeye mwenyewe na sasa uchawi umemrudia. Katika nchi ambayo wazee wamewahi kuuawa Kilifi na Kisii kwa tuhuma za uchawi, minong'ono ya aina hii si mzaha.

Ukweli ni kwamba dalili hizo mara nyingi ni za maradhi ya Parkinson, yaliyopewa jina la daktari Mwingereza, James Parkinson, aliyeyaeleza mwaka 1817. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 waliishi nayo. Chanzo chake ni kufa pole pole kwa seli za neva zilizomo katika ubongo wa kati, zitengenezazo kemikali iitwayo dopamini. Dopamini ikipungua, amri za kuongoza viungo huvurugika.

Lakini seli hizo hufa kwa nini? Jibu lilianza kupatikana kwa kuchunguza familia chache ambazo ugonjwa huu hurithiwa, ijapokuwa wagonjwa walio wengi hawakuurithi kwa njia hiyo ya moja kwa moja. Mwaka 1998 watafiti wa Japani waliwachunguza wagonjwa walioanza kutetemeka wangali vijana, wakagundua kasoro katika jeni waliyoiita Parkin. Mwaka 2004 kasoro nyingine iligunduliwa katika familia za Ulaya, katika jeni iitwayo PINK1. Jeni zote mbili ni maagizo ya kutengeneza vimeng'enya. Mtoto huugua akirithi nakala yenye kasoro kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, ingawa wazazi wenyewe huenda wakawa wazima kabisa.

Kila mwanafunzi wa shule ya upili hukariri kwamba kimeng'enya ni protini iharakishayo mabadiliko ya kikemikali, na kwamba mitokondria ni mtambo wa nguvu wa seli. Yeye hukariri, huandika katika mtihani, hupata alama, kisha husahau. Asiloambiwa ni kwamba mitambo hiyo huchakaa, na kwamba seli isiyoweza kuiondoa iliyochakaa hujitia hatarini.

Hapo ndipo kazi ya vimeng'enya hivi viwili ilipo. Mitokondria ikiwa nzima, PINK1 huvutwa ndani yake, hukatwa na kuharibiwa, wala haionekani tena. Mitokondria ikipoteza chaji yake ya umeme, PINK1 haiwezi kuvutwa ndani, hivyo hurundikana juu ya ngozi yake ya nje mithili ya bendera nyekundu. Papo hapo hubandika fosfati juu ya Parkin na juu ya protini ndogo iitwayo ubikwitini. Parkin, iliyokuwa imelala, huamka na kuufunika mtambo huo mbovu kwa minyororo ya ubikwitini. Seli hutambua alama hiyo, huuzungushia utando na kuupeleka kwenye lisosomu, kifuko chenye vimeng'enya vya kusaga taka. Ni mwaka 2008 ambapo Derek Narendra, Richard Youle na wenzao nchini Marekani walionyesha kwamba Parkin huzifuata mitokondria mbovu na kusababisha ziondolewe.

Basi kimoja kikikosekana, taka hazizolewi. Mkazi yeyote wa mtaa ambao lori la taka halijafika kwa majuma matatu anaujua mwisho wake. Seli nyingi za mwili hufa na kuzaliwa nyingine mahali pake, lakini seli ya neva tuliyozaliwa nayo yapasa itutumikie hadi uzeeni. Isitoshe, zile za dopamini zina matawi mengi mno yanayohitaji nguvu usiku na mchana. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Seli hizi hazina fundi wa kujenga ukuta upya.

Pengine msomaji atauliza, haya ya Japani na Ulaya yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana. Mwaka 2023 watafiti wa Nigeria, Uingereza na Marekani walitangaza kwamba wamepata, miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika, badiliko katika jeni iitwayo GBA1, ambalo ni nadra mno kwa Wazungu. Jeni hiyo hutoa kimeng'enya kinachovunja aina fulani ya mafuta ndani ya lisosomu ile ile. Mwenye nakala moja ya badiliko hilo hukabiliwa na uwezekano wa kuugua unaokaribia mara 1.5 ya ule wa asiye nalo, na mwenye mbili karibu mara 3.5. Hilo si hukumu, kwani wengi walio nalo hawaugui. Lakini tazama miaka: kutoka 1998 hadi 2023 ni robo karne. Muda huo wote badiliko hili lilikuwamo katika damu ya Waafrika, wala halikuonekana kwa kuwa damu iliyopimwa zaidi ilikuwa ya wengine.

Twasema kwamba kosa hilo lisirudiwe. Matokeo ya Nigeria hayawezi kubandikwa tu juu ya Mkenya. Sharti wagonjwa wetu wachunguzwe hapa, na wataalamu wetu, kwa ridhaa yao na kwa manufaa yao. Serikali na vyuo vikuu havina budi kutenga fedha za kazi hiyo. Aidha, dawa ya levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Haizuii seli kufa, lakini humwezesha mgonjwa kushika kikombe na kufunga vifungo vya shati lake. Haifai mzee akose dawa kwa sababu jamaa zake walimpeleka kwa mganga kwanza, na zahanati ikawa ya mwisho.

Hata hivyo, mzigo mzito zaidi tunauweka mbele ya walimu. Somo la seli lisiishie kwenye mchoro wa ubaoni. Mwalimu afundishapo urithi kwa mfano wa njegere za Mendel, na ataje pia familia ambayo wazazi wazima wamezaa mtoto anayetetemeka akiwa na umri wa miaka 30, aeleze namna inavyowezekana bila mtu yeyote kuroga wala kulaaniwa. Afundishapo vimeng'enya, na aeleze yanayotokea kimoja kinapokosekana.

Nawe mwanafunzi, utakaporudi nyumbani likizoni ukamkuta babu mikono ikimtetemeka, na majirani wakinong'ona uani, unayo elimu ambayo wao hawakuipata. Iseme kwa adabu, kwa lugha wanayoielewa, kisha umsindikize mzee huyo hospitalini. Elimu iliyomo katika daftari haijamwokoa mtu. Iliyotamkwa uani kwa wakati wake huenda ikaokoa maisha.