Kuta za Thimlich, Msikiti wa Kendu na Sinia la Samaki

Baadhi ya akina mama wasomaji wetu wana watoto waliopangiwa kazi ya ualimu au uuguzi katika kaunti za Migori na Homa Bay, na swali lao kwetu huwa moja: huko kuna msikiti, na mtoto atakula wapi? Tumeonelea tulijibu kwa urefu kidogo, kwa kuwa ndani ya swali hilo mna dhana kwamba mtu akishaivuka Nairobi amefika kusiko na ukale wala Uislamu.

Tuanze na ukale. Yapata kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori yapo maboma ya mawe yaitwayo Thimlich Ohinga, yaliyojengwa takriban karne ya 16. Sisi tuliozoea matumbawe na chokaa ya Lamu hatuna budi kustaajabu, maana hapa hamna chokaa wala udongo wa kugandishia. Jiwe limepangwa juu ya jiwe, ukuta ukafikia kimo cha baina ya mita 1.5 na 4.5, nao umesimama. Milango ni mifupi, hata mgeni huinama ndipo aingie. Ndani waliishi watu pamoja na mifugo yao. Jamii moja ilipohama, nyingine iliingia ikatengeneza palipobomoka. Mwaka 2018 kamati ya urithi wa dunia ya UNESCO ilikutana Manama, Bahrain, ikapaingiza mahali hapo katika orodha ile ile iliyo na mji wetu wa Lamu tangu 2001 na Ngome ya Yesu tangu 2011. Mbona hatuwasikii watu wa pwani wakipataja?

Ama kuhusu msikiti, mtoto na aende Kendu Bay, katika kaunti ya Homa Bay. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, vyombo vya ziwani vilichukua bidhaa na abiria hadi bandari ndogo za ghuba, na Kendu Bay ikawa miongoni mwazo. Wahindi, Waarabu na Waswahili walifungua maduka. Miongoni mwa Wajaluo wenyeji wakatokea Waislamu, na wajukuu wao wangali wanaswali hapo. Msikiti wa Tawakal ni alama ya mji huo. Meli hazina tena shughuli ile ya zamani, lakini adhana ipo.

Sasa chakula, na hapa tuna neno. Familia zetu husafiri na hotipoti zilizojaa pilau kutoka nyumbani, wakapita mbele ya hoteli ya mama Mwislamu wa huko bila hata kumsalimu, kwa hofu tu. Hoteli hizo ni chache. Wateja wanaotazamiwa kuzishika mkono ni sisi, na sisi ndio tunaozipita. Mwenye hoteli akikosa mteja wa kumwuliza kuhusu nyama halali, ataona hakuna haja ya kuitafuta.

Isitoshe, ziwa lenyewe limerahisisha mambo. Samaki hahitaji kuchinjwa, na wanazuoni hawakutenga maji matamu na ya chumvi katika hukumu hiyo. Ngege mzima aliyekaangwa kisha akatiwa mchuzi wa nyanya, au omena, ndugu wa dagaa wetu, huliwa kwa ugali na mboga chungu kidogo ambayo watoto wa pwani huikunjia uso siku ya kwanza. Cha kuulizia ni mafuta: je, yamekaangia nyama isiyochinjwa kisheria? Ulizeni kwa adabu, kabla ya kuagiza, wala si baada ya sinia kufika mezani mkaanza kulisukuma. Mkijibiwa kwamba mafuta ni ya samaki pekee, kaeni mle. Wali wa nazi msiutarajie.