Joto Halina Mwanamume



Wa Dar mnaijua Februari: feni inazungusha joto tu, na umeme ukikatika ndiyo basi tena. Mwaka jana, nikiwa na mimba ya miezi saba, nilikuwa sinywi maji kazini nikiogopa kubanwa na mkojo kwenye foleni. Siku moja ndani ya daladala nikaona giza. Konda ndiye aliyenidaka.

Daktari alinigombeza kweli. Mjamzito akipungukiwa maji, damu inayomfikia mtoto inaweza kupungua, na joto kali huongeza hatari ya kujifungua kabla ya siku. Ukiona mkojo wa njano iliyokolea, kunywa maji!

Mume wangu akachekelea, “Nyie wanawake joto linawaonea.” Daktari akamgeukia: “Na wewe baba, unadhani korodani zimewekwa nje kwa bahati mbaya?” Mbegu zinahitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili, ambalo ni 37. Chupi za kubana na kompyuta iliyopakatwa saa nzima vinaziunguza. Na kwa kuwa mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kukomaa, joto la leo unaweza kulilipia baadaye. Kicheko kikaisha.

Mtoto wetu alizaliwa salama, asante Mungu. Siku hizi kila asubuhi tunabeba chupa mbili za maji, yangu na yake. Mwenzio je, leo umemuuliza kama amekunywa maji?

Tukutane toleo lijalo.